Nyumba Niliyoiruka Mwezi wa Maria

Nekesa mwanangu,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali. Yako naijua, maana nakusikia hapo nje ukicheka na binamu zako wanaokusuka, na mmoja wenu amekalia ndoo yangu ya maziwa niliyowakataza mara mia. Ni saa kumi jioni, Jumapili. Kesho asubuhi baba yako atakupakia wewe na godoro lako kwenye pikapu ya jirani, akupeleke Kamukuywa ukaanze kazi ya ualimu. Tangu jana watu wanakuja kukuaga utadhani unaenda Ulaya, na Kamukuywa yenyewe ni hapo tu. Lakini kuanzia kesho huko ndiko kutakuwa kwako, na hapa utakuja kama mgeni wa likizo, na ndiyo sababu nimeketi kuandika.

Sitakuandikia habari za blanketi wala dawa ya malaria wala vijana wa kuwakwepa. Hayo shangazi zako wamekwambia na kurudia, na naona shangazi yako mdogo amekwambia mengine ambayo hata mimi sikuyajua. Mimi nina jambo moja tu. Nimelificha miaka kumi na mitatu, na nilikuwa nimeamua nizeeke nalo. Juzi Ijumaa likanishinda.

Unakumbuka Misa ya Ijumaa. Mimi nitaikumbuka mpaka siku yangu ya mwisho. Gredi ya nne ndio walioongoza, wale watoto wa kucheza wakaja na vitambaa vyao vyeupe, nusu yao wakienda kulia na nusu kushoto kama kawaida, na padre akakuita mbele ya altare. Akawaambia watoto wote wanyooshe mikono wakubariki. Nikakuona umesimama palepale ulipokuwa ukisimama na mshumaa ukiwa mdogo, sasa na kitenge na barua ya kazi kwenye mkoba, na mikono yote ile midogo imekuelekea, mingine bado ina chaki na mingine ina ugali. Mama Kelvin, ambaye miaka yote ameshindana nami kwa kila kitu kuanzia maua ya altare hadi nani atafua vitambaa vya sakristia, alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka. Mimi nililia waziwazi. Nilijivuna, mwanangu, na sioni aibu kukiri. Nilijiambia: huyo ni wangu.

Halafu padre akasema neno. Alisema wewe umelelewa katika nyumba ambayo mlango wake haujawahi kufungiwa shule hii. Watu wakapiga makofi, nawe ukageuka ukanitazama ukitabasamu. Nami nikapiga makofi pamoja nao, hali nikijua kwamba si kweli, na kwamba kati ya wote waliokuwa mle kanisani ni mimi peke yangu niliyejua.

Kwa hiyo keti mahali, usome polepole.

Ulikuwa darasa la tatu wakati Sista Redempta alipoletwa kuwa mwalimu mkuu wetu. Ndiye aliyeanzisha desturi ile ya mwezi wa Mei, ambayo kwako ni kama imekuwepo tangu dunia iumbwe. Kila siku ya masomo, baada ya kengele ya mwisho, sanamu ya Mama Maria inatoka nyumba ya mwanafunzi mmoja inaenda nyumba ya mwingine. Wanne wanaibeba kwenye ubao wake, wawili wanatangulia na mishumaa, wengine wanafuata wakiimba, na ikifika pale rozari inasaliwa na sanamu inalala hapo hadi kesho yake. Mzazi anayepokea hafanyi kingine ila kupangusa meza na kukaribisha.

Sista alinipa mimi daftari la kupanga zamu. Nilikuwa mwalimu kijana, nimejaa bidii, na nilishika lile daftari kama cheo. Nilichora mistari kwa rula. Nilipanga nyumba kwa njia zake, njia ya kinu, njia ya sokoni, njia ya mtoni. Niliandika kila jina kwa mwandiko wa kupendeza. Jina letu sikuliandika.

Nitakwambia kwa nini, na uniache nilimalize.

Wewe unamkumbuka Kukhu wa miaka ya mwisho, yule wa kukaa mlangoni na leso yake ya kijani, watoto wa shule wakipita wakimsalimu mmoja mmoja. Kabla ya hapo Kukhu alikuwa mama mkwe wangu, na alikuwa mpishi wa busaa. Alikuja nayo kutoka Bokoli akiwa mjane na baba yako mgongoni, na busaa hiyo ndiyo iliyomsomesha baba yako hadi akajua kutengeneza mashine za kusaga. Kila Alhamisi alikaanga unga kwenye lile bati nyuma ya jikoni, harufu ikafika hadi barabarani, na Ijumaa wazee wakaja na mirija yao wakazunguka chungu. Hakuna aliyepigana hapa. Walikuwa wazee wa kuzungumza habari za ng'ombe na kulala wakiwa wamekaa. Lakini ilikuwa pombe, na ilikuwa kwangu.

Na mimi nilikuwa nani? Mimi ni binti wa watu waliotoka Nyeri wakaja kulima Kitale, watu wa kufagia uwanja hadi ukajiona. Cucu yako, mama yangu, aliponioza alinong'ona, na alinong'ona kwa sauti, kwamba nimeolewa kwenye nyumba ya pombe. Nikala kiapo moyoni kwamba nitamwonyesha. Nikawa mwalimu wa shule ya misheni. Nikawa katibu wa jumuiya. Walimu wenzangu waliponiuliza naishi wapi, nilinyoosha mkono upande ule tu, bila kutaja lango. Nikiwaza Sista Redempta anaingia hapa na sanamu na kumkuta Mzee Barasa na mrija mdomoni, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Basi nikairuka nyumba. Ilikuwa rahisi kabisa, kalamu haikupinga.

Tatizo ni njia. Njia ya kawaida ya kwenda kwa Mama Kelvin na nyumba za kule juu inapita langoni petu. Watoto wangesimama. Wangesema kwa mwalimu ni hapa. Kwa hiyo nikapanga maandamano yashuke hadi mtoni, yavuke kwenye mawe, yapande upande wa pili. Nikamwambia Sista kwamba huko kuna kivuli. Kivuli gani, na mwezi wa Mei hapa ni mvua tupu.

Unakijua kile kidole cha Mama Maria kilichogundishwa, kidogo cha mkono wa kushoto. Nyote mliambiwa kwamba matope ndiyo yaliyomwangusha yule mtoto aliyekuwa mbele. Ni kweli aliteleza kwenye mawe ya mto. Lakini kwenye mawe ya mto walikuwa wanafanya nini, wakati kulikuwa na njia nzuri kavu ya kupita langoni kwetu? Mimi ndiye niliyekivunja kile kidole. Nilikigundisha kwa gundi usiku uleule na nikajisikia mama mwema wa shule.

Sasa yako wewe. Mei ile ya kwanza ulirudi nyumbani umekunja uso, ukaniuliza nikiwa nachagua maharagwe. Ulisema, "Mama, kwani Mama Maria hataki kuja kwetu?" Nikakujibu bila kuinua macho kwamba zamu yetu bado. Ukauliza itafika lini. Nikasema karibu. Mwaka wa pili ukauliza tena, nikasema hivyo hivyo. Nilikuwa nakudanganya kwa kinywa kilekile nilichokuwa nikikufundishia amri za Mungu, na jambo la ajabu ni kwamba usingizi ulikuja vizuri tu.

Ulipokuwa darasa la nne mlianza kuandika maombi kwenye karatasi, mnatia kwenye kikapu kabla ya Misa ya Ijumaa. Kuchagua yatakayosomwa ilikuwa kazi yangu. Siku moja nikafungua karatasi moja nikaona ni mwandiko wako. Nimeitia ndani ya bahasha hii, utaiona, imechakaa kwenye mikunjo. Inasema: "Ninaomba Mama Maria apate njia ya kuja kwetu. Kama ni matope Mungu ayakaushe."

Niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama pale sakristia. Halafu nikaitia mfukoni mwa sweta, nikachagua nyingine ya mtoto aliyeombea mtihani. Wewe ulikaa kwenye benchi lenu umeinua shingo ukisubiri yako isomwe. Nilikuona. Haya yote mengine naweza kuyatafutia sababu, kwamba nilikuwa kijana, kwamba niliogopa maneno ya watu. Hilo la karatasi sina sababu yake. Naomba unisamehe, na ikiwa huwezi leo, nitangoja.

Nimetoka kidogo kuwaletea chai, ndiyo maana wino umebadilika. Umeniuliza naandika nini, nikasema mpango wa kazi wa muhula. Naona bado sijaacha kudanganya. Basi niendelee kabla hamjamaliza kusuka.

Mei ya tatu. Ulikuwa darasa la tano, umepewa mshumaa, na sanamu ilikuwa inaenda kwa Mama Kelvin. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na mto ulijaa hadi mawe hayakuonekana. Nikapendekeza tuahirishe. Sista Redempta akasema Mama Maria haahirishwi, tutapita njia ya juu. Nikawa nyuma na watoto wadogo. Nilijiambia mwimbo ukiwa mkali watapita bila kusimama, kwa hiyo nikaimba kwa nguvu kuliko nilivyowahi kuimba. Ilikuwa Ijumaa, na unajua Ijumaa hapa ilikuwa siku gani.

Tulikuwa hatua kama hamsini kutoka lango letu wakati mvua ya mawe iliposhuka. Kitale unaijua, haibishi hodi. Mishumaa ikazimika, watoto wadogo wakaanza kulia, wale wanne waliobeba wakainamisha vichwa na mawe yanawagonga. Sista akauliza ni wapi karibu. Nikasema kwa haraka, "Sista, tukimbie tu, kwa Mama Kelvin si mbali."

Nawe ukageuka. Ulikuwa umeshika mshumaa uliozimika na maji yanakutiririka usoni. Ukasema mbele ya wote, bila hasira, kama mtu anayenieleza hesabu, "Mama, hata kama si zamu yetu, si ananyeshewa?"

Hukungoja nijibu. Ulifungua lango, wale wanne wakakufuata na ubao wao, na shule ikaingia. Nami nikaingia wa mwisho kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Ulichokiona wewe ukiwa mtoto pengine ni watu wengi na furaha. Acha nikwambie nilichokiona mimi kutoka mlangoni. Chungu kilikuwa mezani, kwenye hii meza ninayoandikia sasa. Wazee watatu wamekizunguka na mirija. Mzee Barasa alipoona sanamu inaingia alisimama ghafla akaficha mrija nyuma ya mgongo, na kwa kuwa mrija wenyewe ni mrefu kuliko yeye, ncha ikawa imetokea juu ya kichwa chake. Mwingine alivua kofia akaishika kifuani. Wa tatu alikuwa amelala, na akaendelea. Harufu ilikuwa ileile. Nilimtazama Sista Redempta nikingoja uso wake ubadilike.

Kukhu hakuonekana kushtuka. Aliinua kile chungu peke yake, kwa nguvu zile zake, akakiweka chini kwenye kona. Akafungua leso yake kiunoni akapangusa meza, akarudia, akapangusa na kingo. Kisha akawaambia wale waliobeba, "Mwekeni hapa. Hapa ni safi." Na kwa mkono akamfuta Mama Maria maji usoni, akashuka hadi mikononi, akakiona kile kidole kilichogundishwa, akakishika kidogo, akasema, "Pole."

Rozari ile tuliisali kwa kupiga kelele kwa sababu ya mawe kwenye mabati. Sista alianza, lakini sauti yake ndogo haikufika kokote. Aliyeokoa mambo ni Mzee Barasa. Sikujua, hakuna aliyejua, kwamba alikuwa katekista ujanani kwake huko Mabanga, kabla hajagombana na mtu fulani akaacha. Aliweka mrija chini, akapiga magoti kwenye udongo, akashika matendo ya rozari kwa sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, na watoto wakajibu, na nyumba ikatetemeka. Nimesali kwenye makanisa makubwa tangu hapo. Sijawahi kusikia sala kama ile.

Tulipomaliza, mawe yalikuwa yamegeuka mvua ya kawaida. Watoto walikuwa wanatetemeka. Kukhu akaingia jikoni akatoka na lile sufuria kubwa la harusi, limejaa viazi vitamu vilivyochemshwa, bado vinatoa mvuke. Kila mtoto akapata kiazi, na Sista akapata, na yule mzee aliyelala akaamshwa akapewa. Wewe ulikuwa unagawa, kifua mbele, kama waziri.

Sista akamuuliza Kukhu alijuaje kwamba tungekuja, maana hata sisi hatukujua. Kukhu akacheka. Haya ni maneno yake, nimeyabeba hadi leo. "Ati kujua, mimi sikujua. Kila Mei nachemsha tu. Mwaka wa kwanza nikawasikia wanaimba kule chini mtoni, wakapita. Wa pili wakapita. Si siku wakija wasipate sufuria tupu?"

Nilikuwa nimesimama hapo mlangoni na kiazi mkononi. Miaka mitatu nilikuwa nimeviona vile viazi. Nilidhani anawachemshia wateja wake. Nilimlalamikia baba yako kwamba mama yake anamaliza kuni zetu kuwalisha walevi. Kumbe huyu mama, ambaye nilimwonea haya, alikuwa anawangoja wageni niliokuwa nikiwazungusha mtoni wasimfikie. Sista Redempta alinitazama. Alikuwa anatia sahihi daftari langu kila mwaka na nadhani siku ile ndipo alipohesabu nyumba. Kisha akamwomba Kukhu amwongezee kiazi.

Jioni ile, mlipokwisha kwenda na sanamu kwa Mama Kelvin, nilimfuata Kukhu jikoni nikataka kusema. Yeye akiwa anasugua sufuria akaniambia, bila kunigeukia, "Mimi nilidhani ni kwa sababu nanuka." Nikapiga magoti pale kwenye majivu nikalia, na nikamwambia yote, daftari na mto na kidole. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Lakini leo wamekula." Akanipa sufuria nikalimalizia mimi.

Kwa hiyo Kukhu alijua, na aliondoka na siri yangu bila kumwambia mtu, hata mwanawe. Ni wewe tu uliyebaki hujui, na mimi nimebaki na deni la kukwambia.

Mengine uliyaona. Nisikudanganye kwamba aliacha busaa, hakuacha. Aliihamisha ikawa Jumamosi. Ijumaa alianza kuja Misa ya shule, akakataa benchi la wageni, akakaa na darasa la kwanza kwa sababu alisema nao hawajui kusoma. Alijifunza nyimbo zote za chama cha watoto cha Utoto Mtakatifu. Misa ya mavuno alikuwa anakuja na karai la viazi kichwani akicheza hadi altare, na yule padre mzee aliyekuwepo wakati ule alikuwa anaacha kila kitu ili amtazame. Mzee Barasa akarudi kufundisha watoto wa komunyo ya kwanza, na wewe ukiwa mmoja wa kundi lake la kwanza, ukaniambia kwamba Mzee anajua Biblia yote ila ananusa tumbaku. Tulipomzika Kukhu watoto walijipanga kutoka barabarani hadi kaburini kila upande, na sare zao zile za samawati, na hakuna mwalimu aliyewapanga. Mama Kelvin ndiye aliyechemsha viazi siku ile. Alichemsha vya watu wote, akanikataza kugusa jiko, na tangu siku hiyo nimemwachia maua ya altare, ingawa anayapanga vibaya.

Sasa unajua. Nyumba ambayo padre aliisifu, mimi nilikuwa nimeifunga. Aliyeifungua ni mtoto wa miaka kumi na moja mwenye mshumaa uliozimika, na aliyeiweka tayari ni mwanamke asiyejua kusoma orodha ambayo sikumwandika. Nilipopiga makofi Ijumaa, nilikuwa nawapigia nyinyi wawili. Nilitaka ujue hivyo kabla hujalala nyumba nyingine. Na nilitaka ujue kwamba Mungu hakuhitaji kukausha matope yoyote. Matope yalikuwa mimi, na mtoto wangu alinivuka na viatu vyake vya shule.

Siku zote nimefundisha watoto wa watu, mwanangu, na nikihesabu wote, aliyenifundisha mimi kubwa kuliko yote ni wewe. Sasa nenda ukawafundishe wa Kamukuywa. Kukhu alikuwa akitembea kwa miguu hadi soko la huko na kimea kichwani, akiwa msichana. Hakuna shule iliyompokea. Kesho kutwa mjukuu wake ataingia darasani huko, watoto watasimama na kusema "Shikamoo mwalimu", na mimi nitakuwa hapa Kitale, kwenye darasa langu, nitaangalia saa, na nitajua wamesimama. Baba yako amesema atapiga honi njia nzima. Mwache apige.

Nikuombe kitu kimoja halafu niache, maana nasikia mmefikia kuchoma ncha za rasta kwa maji moto na zamu yangu ya kusifia nywele imekaribia.

Wewe ndiye mwalimu mpya, na mwalimu mpya hupewa kazi ambazo wenzake wamezichoka. Hata ikiwa si sanamu ya Mei, itakuwa kitu kingine cha kwenda nyumba kwa nyumba, na mtu atakupa daftari na kusema, mwalimu, tupangie. Ile nyumba yako ya walimu nimeiona. Chumba kimoja, dirisha halifungi vizuri, hakuna meza wala kiti, na godoro lako litakuwa chini hadi mshahara wa kwanza. Utatamani kuanzia kwa watu wenye makochi.

Andika jina lako kwanza, mwanangu. Liandike juu kabisa, kwa mwandiko wa kupendeza. Meza hii ninayoandikia nimemwambia baba yako aipakie pamoja na godoro, usikatae, ni yako. Ipanguse hadi kingo. Na siku yoyote ukisikia watoto wanaimba mahali, hata kama ni mbali, hata kama ni kule chini mtoni na wanapita, wewe chemsha viazi.

Nakupenda kuliko ninavyojua kuandika.

Mama yako,
Mwalimu Wambui